Mkweche wa Baba Mkwe

Mwaka juzi binamu yangu alikuja kututembelea Detroit kutoka Tanga. Siku ya tatu alimkuta baba mkwe wangu gereji, amepiga magoti, anasugua rimu ya gari kwa mswaki. Gari lenyewe ni Pontiac GTO ya mwaka 1969, milango miwili, kijani cha majani ya mwembe. Binamu akauliza gari linakwenda wapi. Nikamwambia haliendi popote. Akauliza kama linabeba mizigo. Nikamwambia hata mvua halionyeshwi. Aliporudi nyumbani nikasikia kwa watu jinsi alivyolisimulia: wakwe zangu wana mkweche wanaouogesha kuliko mtoto, na Wamarekani, hata weusi wenzetu, wameharibiwa na vitu.

Sikumjibu alipokuwa kwangu, maana mgeni hagombezwi. Ila nimeishi na watu wa magari haya miaka kumi na tisa. Nimewapikia, nimewashikia taa usiku wakiwa wamelala chini ya injini, nimezika wawili wao. Nikisoma wanavyoandikwa, kwamba ni vikongwe wanaokataa kuzeeka, au walevi wa mwendo kasi, naona mwandishi aliwapita barabarani tu, hakukaribishwa ndani.

Nyumbani ukitaja V8, msikilizaji anaona shangingi la serikali lenye vioo vyeusi. Huku V8 ni injini: silinda nane, nne upande huu na nne upande ule, zimeegemeana mfano wa herufi V. Wamarekani walichukua injini kubwa ya namna hiyo wakaipachika kwenye gari la kawaida ambalo kijana wa kiwandani angeweza kulinunua kwa mkopo. Hilo ndilo wanaloliita gari la misuli. Na lilianza kwa ujanja. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasipewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, akina John DeLorean, wakaona kanuni haikusema neno juu ya nyongeza anazojichagulia mnunuzi. Basi kwenye Tempest LeMans ya mwaka 1964 wakaiandika injini ya inchi 389 kuwa nyongeza, wakaipa jina la GTO, jina ambalo Ferrari ilikuwa imekwisha kulitumia. Wakubwa walikubali magari 5,000 kwa kujaribu. Mwaka ule yaliuzwa 32,450.

Baba mkwe aliingia kiwanda cha magari mwaka 1966 akiwa na miaka 19, kazi yake kufunga milango. Siku nzima milango inakuja, anafunga bawaba, inaondoka. Mwaka 1969 alinunua GTO yake, mpya, kijani. Anasema Jumamosi ile alikaa nje ya nyumba ya mama yake akiufungua mlango na kuufunga, kuufungua na kuufunga, mpaka mama akatoka kumuuliza kama umeharibika. Binamu yangu angekaa na mzee akasimuliwa hilo peke yake, asingesema neno mkweche.

Sasa niseme juu ya kuliamsha gari, maana ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Michigan humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi ni mchwa wa chuma. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja gari hulazwa. Tangi linajazwa mpaka juu ili unyevu usipate nafasi, oili inabadilishwa, betri inatolewa na kuwekwa juu ya kipande cha ubao, magurudumu yananyanyuliwa. Kwenye bomba la moshi baba mkwe husokomeza stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, panya asijenge humo. Kisha shuka juu, na gari haliguswi miezi mitano. Ukiingia gereji kuchukua jembe la theluji unapita pembeni, kama unavyopita chumba alicholala mtu.

Mwezi wa nne haangalii kalenda. Anangoja mvua kubwa mbili zipite zioshe chumvi barabarani, kisha anapiga simu moja tu, kwa jirani wa pili. Jirani huja na kikombe cha kahawa mkononi, na nyuma yake wanakuja wengine ambao hawakupigiwa. Shuka linatolewa na watu wawili, likikunjwa kuelekea katikati vumbi lisimwagike. Stilwaya inavutwa. Boneti inafunguliwa, tochi inapita kila kona kutafuta kiota. Betri inafungwa. Mzee anamimina petroli kidogo kwenye koo la kabureta, kiasi cha kifuniko cha chupa, anaingia, anakanyaga mafuta mara mbili mpaka chini, anaachia.

Hapo watu hunyamaza. Hakuna aliyewaagiza. Stata inalia, injini inakohoa, inakataa. Anangoja. Sijawahi kumwona akipiga stata ya pili kwa pupa. Anahesabu kimoyomoyo huku ameweka kiganja juu ya dashibodi. Ya tatu ndiyo huwa. Kwanza silinda chache zinashika, gari linatikisika kama mtu mwenye homa, moshi mweupe unajaa gereji, kisha nane zote zinakubaliana, na mlio unashuka chini mpaka unausikia kwenye nyayo kupitia sakafu. Harufu yake ni petroli mbichi. Magari ya siku hizi hayana harufu hiyo, mitambo ya kusafisha moshi imeimeza. Wazee wale husimama ndani ya moshi ule wakikohoa na kutabasamu. Halafu jirani wa pili husema kila mwaka maneno yaleyale: tumeuona mwaka mwingine.

Hakuna aliyeendesha popote, na sherehe imekwisha.

Ya pili kwa uzito ni mikusanyiko ya jioni. Wakati wa joto wanaegesha kwenye uwanja wa duka lililofungwa, wanainua boneti, wanakaa kwenye viti vya kukunja nyuma ya magari yao. Mgeni hupita akiangalia, mikono mgongoni. Mikono mgongoni ndiyo hodi ya pale. Anayegusa rangi ya gari la mtu hafukuzwi, lakini hataongeleshwa. Bei haiulizwi. Kinachoulizwa ni kama injini ni yake ya kuzaliwa nayo, na hapo unakaribishwa kiti.

Ukishakaa, utasikia hadithi ya gari lililouzwa. Kila mmoja wao anayo, na si hadithi ya lile gari lililo mbele yako, ni ya lingine. Ina mpangilio wake kama utenzi: kwanza mwaka, kisha rangi, kisha injini, ndipo inakuja sababu ya kuuza, na mwisho bei. Mmoja aliitwa jeshini kwenda Vietnam, akarudi akakuta mama ameuza ili kupisha nafasi. Mwingine aliuza apate malipo ya kwanza ya nyumba. Mwingine mke alisema gari au mimi, na msimulizi hutulia kidogo hapo kana kwamba bado anapima. Bei hutamkwa kwa sauti ndogo, ndogo sana, na wasikilizaji huitikia kwa mguno mmoja. Majuto ni mjukuu, sisi tumesema. Wao hawana methali hiyo, wana mguno.

Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba mguno ule ni rambirambi.

Gari la baba mkwe liliuzwa kwa sababu ya mume wangu. Alizaliwa mwaka 1974, miezi baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao yasije Marekani, watu wakipanga foleni vituoni, na gari lenyewe linakunywa kama punda wa jangwani. Kiti cha mtoto hakikukaa vizuri nyuma. Mzee akaliuza dola 900 kwa kijana kutoka Ohio. Hili la kijani lililoko gereji ni la pili. Alilinunua mwaka 1991 likiwa jeupe, akalipaka rangi ya lile la kwanza. Kuna watu, nawaita watu wa namba, wanaohesabu kuwa kubadili rangi ya kiwandani ni dhambi isiyo na toba. Wao na minada yao ya televisheni na vikombe vyao vya plastiki, tuwaache.

Pia wale wanaochoma matairi kwenye taa za barabarani tuwaache. Ni wajukuu, watakua.

Lakini Woodward siwezi kuiacha. Ni barabara inayotoka mtoni katikati ya Detroit ikapanda kaskazini hadi mji wa Pontiac. Mwaka 1909 kipande chake cha maili moja kilimwagwa zege kwa ajili ya magari. Miaka ya sitini vijana walizunguka humo usiku kucha, kutoka mkahawa huu wa kuhudumiwa garini hadi ule, wakishindana baina ya taa na taa. Mwaka 1995 watu wa kitongoji cha Ferndale walitaka kuchangisha fedha za uwanja wa mpira wa watoto, wakaalika wenye magari ya zamani wazunguke tena siku moja. Wakaja watu robo milioni. Tangu hapo ni kila Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, isipokuwa 2020, mwaka wa Korona.

Vitabu vya picha vya Woodward ninavyo, na nina ugomvi navyo. Kurasa nyingi, vijana weupe watupu wa miaka ya sitini, utadhani weusi wa mji huu walikwenda kazini kwa baiskeli. Baba mkwe na wenzake walikuwa wakiyaunda magari yale mchana, na usiku wakayapeleka Belle Isle, kisiwa kilichoko katikati ya mto, wakazunguka huko. Aliniambia sababu siku moja bila kuinua kichwa kutoka kwenye kabureta: ukivuka barabara ya Maili ya Nane kwenda vitongojini ukiwa mweusi ndani ya gari jipya, polisi watataka kujua ni la nani. Kwa hiyo sasa, wiki ile ya mwezi wa nane, haendi Jumamosi yenye televisheni na mahema ya wafanyabiashara. Huenda Jumatano jioni. Hupanda Woodward taratibu, kioo kimeshushwa, kiwiko nje, na akivuka Maili ya Nane hupunguza mwendo zaidi. Mwaka wa kwanza nilipokaa kiti cha mbele nilidhani gari limepata hitilafu.

Watu huniuliza kuhusu moshi. Nawajibu: ni kweli unachafua, na mzee huendesha maili chache kwa mwaka kuliko wao wanazoendesha kwa wiki mbili. Kosa lipo, lakini wasilipime kwa mizani ya basi.

Magari yenyewe yalikwisha mapema sana, watu husahau. Mwaka 1970 ilipita sheria ya hewa safi. Mwaka 1971 General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake. Kampuni za bima nazo zilikuwa zinamtoza kijana karibu kumfilisi. Baba mkwe huwalaumu wa bima kabla ya Waarabu. Pontiac yenyewe, jina zima, ilifungwa mwaka 2010. Charger ya Dodge iliyotumia V8 ilitengenezwa mara ya mwisho mwezi Desemba 2023, na iliyofuata kwanza ilikuwa ya umeme, yenye mtambo wa kutoa mlio wa bandia. Nilimchezea baba mkwe mlio ule kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akanirudishia simu.

Kinachoniuma si magari. Magari yapo, mengine yako kwenye maghala ya matajiri yamefunikwa mahariri. Kinachokwisha ni sikio. Fundi aliyekuwa akirekebisha kabureta kwa kusikiliza, bila kipimo chochote, tulimzika mwaka juzi, na petroli ya sasa iliyochanganywa na ethanoli inakula mipira ya zamani kila msimu. Viti vya kukunja vinapungua. Mume wangu huendesha gari lisilo na klachi wala mlio, na hana kosa; yeye ndiye aliyesababisha gari kuuzwa, hawezi kulipenda na kujipenda kwa pamoja.

Kwetu mkaza mwana hazoeani hivyo na baba mkwe. Mimi kila asubuhi humpa shikamoo yake, naye huitikia marahaba kwa lafudhi ya Alabama ya wazazi wake, kisha tunaingia gereji. Goti lake la kushoto limekataa. Klachi ya gari lile ni nzito kama mlango wa boma. Mwaka huu mwezi wa nne aliketi kiti cha abiria, mimi nikakanyaga mafuta mara mbili, nikaachia. Liliwaka mara ya tatu. Jirani wa pili alisema maneno yake.

Ndani ya pochi ya baba mkwe kuna karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Ina namba ya lile gari la kwanza, herufi na tarakimu 13. Hajaacha kulitafuta tangu 1974. Kwa hiyo wewe unayesoma haya, kama uko Ohio, au Michigan, au popote lilipofika, na unamjua mtu mwenye GTO ya mwaka 1969, sogea mikono ikiwa mgongoni, chungulia kioo cha mbele upande wa dereva, kuna kibamba kidogo juu ya dashibodi. Namba yake ikianza na 242379P na kuishia na 58, usiulize bei. Niandikie.