Mtoto Akikohoa Mchezoni

Je, mwanao hucheza vizuri kwa dakika chache, kisha huanza kukohoa na kwenda kuketi kando ya uwanja huku wenzake wakiendelea? Mara nyingi mtoto wa namna hii huitwa mvivu. Wengine husema kifua chake ni dhaifu tangu kuzaliwa, basi akatazwe michezo kabisa. Mama mpendwa, usiyakubali maneno hayo upesi. Kikohozi kinachokuja wakati wa kukimbia kina chanzo chake, na vyanzo vingi vina tiba.

Pumu inayoamshwa na mazoezi

Hiki ndicho chanzo cha kufikiriwa kwanza. Mtu aliyetulia hupumua kwa pua, nayo pua huipasha hewa joto, huilowesha na kuchuja vumbi. Anapokimbia huhema kwa mdomo, na hewa nyingi kavu huingia moja kwa moja kifuani. Njia za hewa hukauka, na kwa mwenye pumu misuli inayozizunguka hujibana. Hapo huja kikohozi, kifua kubana, na pengine mlio kama wa filimbi. Wapo watoto wasio na mlio wowote, ila kikohozi tu.

Angalia saa. Kikohozi cha pumu mara nyingi huzidi dakika chache baada ya mtoto kuacha kukimbia, kisha hupungua ndani ya saa moja hivi. Angalia pia kama hukohoa usiku au alfajiri. Vumbi la uwanja, moshi wa kuni na mafua huzidisha hali hiyo.

Vyanzo vingine

• Mafua na mzio wa pua. Kamasi huteremka kooni na kumkohoza anaporukaruka.

• Kiungulia. Akicheza punde tu baada ya kula, asidi ya tumbo hupanda kooni. Mpe nafasi ya saa mbili baada ya mlo mzito.

• Kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kwenda kupimwa bila kuchelewa. Katika vituo vya serikali Kenya na Tanzania dawa zake hutolewa bure.

• Kitu kilichopaliwa. Kikohozi kilichoanza ghafla mtoto alipokuwa akila karanga au kuchezea maharagwe chahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

• Moyo. Mtoto anayechoka upesi, anayevimba miguu au kushindwa kulala chali apimwe moyo.

Mambo haya si ya watoto peke yao. Nawe mama, ukikohoa unapopanda mlima na ndoo, usijifariji kwamba ni uzee.

Matibabu

Dawa ya kikohozi ya chupa haifungui njia za hewa zilizobanwa. Daktari akithibitisha pumu, huweza kutoa inhela ya salbutamol ya kuvutwa dakika 10 hadi 15 kabla ya mchezo. Mtoto anayeihitaji mara kwa mara hupewa pia inhela ya steroidi ya kutuliza uvimbe ndani ya mapafu. Akina mama wengi huogopa kwamba inhela humzoesha mtoto. Sivyo. Hatari ni kuiacha pumu bila tiba.

Mtoto mdogo huvuta dawa vizuri zaidi kupitia chombo maalumu cha plastiki. Kama hakipo, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa inhela yaweza kutumika. Madaktari wa Afrika Kusini waliichunguza njia hii na kutoa matokeo yake mwaka 1999. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe.

Mtoto aanze mchezo polepole kwa dakika 10 au zaidi. Mweleze mwalimu wake, na inhela iwe karibu na uwanja, isifungiwe ofisini.

Mpeleke hospitali mara moja akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikididimia anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka rangi. Mketishe wima na kumpa salbutamol mkiwa njiani.

Asikatazwe kucheza

Jackie Joyner-Kersee wa Marekani, mwenye pumu, alishinda dhahabu za Olimpiki mwaka 1988 na 1992. Paula Radcliffe wa Uingereza, naye mwenye pumu, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake huko London mwaka 2003. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2019, ilipovunjwa na Brigid Kosgei wa Kenya.

Mtoto ni amana tuliyopewa na Mungu. Mwombee, lakini pia mpeleke apimwe, kwa maana hekima ya daktari nayo ni kipawa chake Mwenyezi. Kisha mwache arudi uwanjani na wenzake.