Moteri ya ndege imetimiza saa zake: tuitengeneze ao tuibadilishe?

Makanisa yetu yanapotoa sadaka kwa ajili ya ndege ndogo zinazobeba wagonjwa, dawa na wachungaji, swali moja hurudi: moteri ingali inalia vizuri, kwa nini ndege isimamishwe na feza nyingi zitumiwe? Swali hilo ni la haki.

Kila moteri imewekewa saa zake na kiwanda. Lycoming ya Cessna 206 za siku hizi ina saa 2000. Continental ya Cessna 206 nyingi za zamani ina 1700. Hata saa zisipotimia, viwanda hivyo vinashauri ifunguliwe kisha miaka 12. Sababu moja ni kutu: ndege inayolala wiki nyingi katika hewa yetu yenye unyevu huharibika ndani pasipo kusikika. Ndiyo maana fundi hategemei sikio. Anapima nguvu ya kila silinda, anapasua filta ya mafuta na kutafuta vipande vya chuma.

Saa zikitimia, kuna njia tatu.

Kwanza, fundi mwenye ruhusa anaifungua yote, anapima kila kitu na kubadilisha vilivyochakaa. Mara nyingi bei ni nafuu, lakini ndege inangoja, na hakuna anayejua hesabu kamili mpaka moteri ifunguliwe. Shafti kubwa ikiwa na ufa, hesabu inapanda.

Pili, kubadilishana na kiwanda. Kinatuma moteri kilichoijenga upya, ambayo kitabu chake kinaanza saa sifuri, nasi tunarudisha ya zamani. Bei inajulikana mapema, lakini ya zamani ikiwa imeharibika sana, kiwanda kinaweza kudai nyongeza.

Tatu, moteri mpya kabisa. Hiyo ndiyo ya bei kali zaidi.

Tusisahau pia mafuta. Esansi ya ndege ni ngumu kupata kwetu. Turbini ya Cessna Caravan inatumia mafuta ya taa ya ndege, na saa zake ni 3600. Lakini siku ya kuitengeneza, gharama yake inapita sana ile ya moteri ya esansi.

Kwa hiyo, kabla ya kuamua, tuulize: nani atafanya kazi? Dhamana yake ni ya muda gani? Safari na duane ni ngapi? Ndege italala siku ngapi?

Tena tuanze kuweka akiba leo. Tuseme kazi itagharimu dola 60.000: kwa saa 2000 ni dola 30 kila saa ya kuruka. Akiba hiyo isipowekwa, siku ya mwisho ndege itabaki chini, na mama mwenye uchungu wa kuzaa atabaki kijijini pasipo barabara.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: aketi kwanza, ahesabu. Kuhesabu saa za moteri si kukosa imani. Ni kutunza watu aliotupatia.