Mkate wa nafaka zilizochipuka: soma nyuma ya sashe kabla ya kulipa

Mkongomani anayefika Marekani au Kanada anashangaa siku ya kwanza tu dukani: mikate inajaza ukuta mzima. Kuna mweupe wa bei ndogo, kuna wa rangi ya kahawia, kuna uliopambwa mbegu juu. Pembeni, mara nyingi ndani ya friza, kuna mkate wa nafaka zilizochipuka, ambao bei yake inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile ya mkate mweupe. Kwa jamaa yenye watoto watano, tofauti hiyo si ndogo. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye muganga amemwambia apunguze mkate mweupe, kuchagua vibaya kunagusa afya yenyewe.

Jambo hili linahusu watu wengi wa mashariki mwa Kongo. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walikuwa Wakongomani, kundi kubwa kuliko la nchi nyingine yoyote. Na wanapopiga simu nyumbani, Uvira, Fizi ama Bukavu, ushauri juu ya chakula unasafiri pamoja na salamu.

Kuchipuka si jambo geni

Mama anayepika pombe ya mtama anaijua kazi hii. Analoweka mbegu, anamwaga maji, anazifunika mpaka zianze kuota, kisha anazianika na kuzisaga. Mwoka mkate huu anafanya vilevile na ngano, ila anasimamisha kazi mapema, wakati chipukizi lingali dogo sana.

Mbegu inapoanza kuota, inavunja akiba yake ya wanga ili kulisha mche. Ndani ya nafaka na maharagi kuna kitu kinachoitwa asidi ya faitiki, ambacho kinashika madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasiingie vizuri mwilini. Kuchipuka kunapunguza asidi hiyo, na vitamini fulani kama folati zinaongezeka. Hiyo ni faida ya kweli, ingawa moto wa tanuri unaharibu sehemu ya vitamini hizo.

Lakini faida kubwa inatoka mahali pengine. Ili mbegu ichipuke, lazima iwe nzima. Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda la nje ambalo ndilo makapi, kiini kinachotoa mche, na wanga mweupe wa katikati. Unga mweupe ni ile sehemu ya tatu peke yake. Makapi na kiini vinapoondolewa, vinaondoka pamoja na nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kupunguza mbio za sukari kuingia katika damu. Kwa hiyo mkate wa ngano nzima, hata kama haikuchipuka, unakaribia sana ule wa friza, tena kwa bei ndogo.

Mkate wenye jina la nabii

Mkate wa namna hii unaojulikana zaidi Marekani unatengenezwa California na kampuni ya Food For Life. Unaitwa Ezekiel 4:9, kufuatana na mstari wa Biblia unaotaja ngano, shayiri, maharagi, dengu, mtama na aina ya zamani ya ngano. Waumini wengi wanaununua juu ya jina hilo.

Anayefungua kitabu chenyewe atakuta habari nyingine. Chakula kile kilikuwa ishara ya Yerusalemu kuzingirwa na kukaa na njaa: nabii aliamriwa kula kwa kipimo kidogo kila siku, kwa siku 390. Na mstari huo hausemi neno lolote juu ya kuchipusha nafaka. Mkate wa dukani unaweza kuwa mzuri, lakini uzuri wake unatoka kwenye nafaka zake, si kwenye jina.

Mambo ya kuangalia kwenye sashe

La kwanza ni orodha ya vilivyomo. Sheria ya Marekani na ya Kanada inataka viandikwe kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia. Kwa Kiingereza, neno la kwanza liwe na “whole” au “sprouted” mbele ya jina la nafaka. Kukiandikwa “enriched flour”, huo ni unga mweupe uliorudishiwa vitamini chache.

Kwa anayeishi Montréal au Ottawa, kuna mtego mwingine. Kanada inaruhusu unga unaoitwa “blé entier” kuondolewa hadi asilimia 5 ya punje, na sehemu kubwa ya kiini inaweza kwenda nayo. Maneno ya kutafuta ni “grains entiers”, na kwa nafaka zilizochipuka ni “grains germés”.

La pili ni kutoamini mbele ya sashe wala rangi. “Multigrain” maana yake ni nafaka nyingi tu, na zote zinaweza kuwa zimekobolewa. Rangi ya kahawia inaweza kutoka kwa karameli au molasi. Sashe inaweza pia kusema mkate una nafaka zilizochipuka, kumbe zimetajwa mwishoni mwa orodha, nyuma ya unga mweupe na sukari.

La tatu ni namba. Mkate wenye gramu 3 za nyuzinyuzi kwa kila kipande ni mzuri. Mweupe wa kawaida mara nyingi una gramu 1 hivi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani miligramu 2,000 za sodiamu. Mwenye presha azidishe sodiamu ya kipande kimoja mara vipande anavyokula asubuhi. Marekani, sukari iliyoongezwa ina mstari wake peke yake. Asali na sirapu nazo zinahesabiwa humo.

La nne ni kuhifadhi. Mikate mingi ya namna hii haina dawa ya kuzuia kuoza, ndiyo sababu inakaa ndani ya friza. Ukiiacha mezani, itaota ukungu haraka. Ni vizuri kutoa vipande vya siku hiyo tu na kuvichoma.

Mkate si dawa

Kipande kimoja cha Ezekiel 4:9 kina gramu 15 hivi za wanga, karibu sawa na kipande cha mkate mweupe. Nyuzinyuzi zinasaidia sukari isipande kwa mbio, lakini inapanda. Mgonjwa wa sukari anayekula vipande vinne kwa kufikiri kwamba huu hauna madhara, amekula gramu 60 za wanga. Anayetumia insulini anapaswa kuzihesabu kama kawaida. Vilevile, ngano iliyochipuka bado ina gluteni, kwa hiyo haimfai mtu mwenye ugonjwa wa siliaki.

Kwa jamaa yenye pesa kidogo, mkate wa ngano nzima unatosha. Programu ya WIC ya Marekani, inayosaidia wajawazito, mama wanaonyonyesha na watoto walio chini ya miaka 5, inautoa tangu 2009. Kila jimbo lina orodha yake ya mikate inayokubaliwa, na ni vizuri kuiangalia kabla ya kufika kwenye kesi. Pesa inayobaki inaweza kununua maharagi, yenye nyuzinyuzi nyingi.

Na sisi wa Goma na Bukavu?

Huku, mkate wa nafaka zilizochipuka si kitu cha kila siku, na mikate mingi inauzwa pasipo orodha yoyote. Swali la kumuuliza mwoka ni moja: unga ulikuwa mzima au mweupe? Rangi pekee haitoshi.

Lakini nafaka nzima haikosi sokoni. Mahindi makavu ya kuchemsha, bugali ya mtama usiokobolewa, na uji wa masoso uliochanganya mahindi, soya na mtama vinatoa kile ambacho mnunuzi wa Marekani anakitafuta ndani ya friza. Tanzania, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lishe walihimiza kimea, unga wa nafaka iliyochipuka, kutiwa kidogo ndani ya uji wa watoto. Kimea kinafanya uji mzito uwe mwepesi kumeza pasipo kuongeza maji.

Anayetaka kujaribu nyumbani ajue hatari mbili. Mbegu zilizoota ukungu zitupwe. Na chipukizi za mtama zina sumu ya asili ya jamii ya sianidi, kama ile ya muhogo mchungu: ziondolewe pamoja na vimizizi baada ya mbegu kukaushwa vizuri, na unga upikwe mpaka uive kabisa kabla ya kumpa mtoto.