Volkeno Iliyozika Rusinga

Kwenye barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, jirani na Mukumu, wasafiri huonyeshwa Jiwe la Kulia la Ilesi, pande la graniti linalochirizika maji. Graniti za huku na lava kongwe zilizo jirani nazo, ambazo dhahabu yake ilileta mbio za wachimbaji Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, zina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mbele ya umri huo Rusinga, kisiwa kilicho mkabala wa Mbita katika Kaunti ya Homa Bay, ni mtoto mchanga: miamba yake mashuhuri ina takriban miaka milioni 18. Lakini mifupa iko kwa mtoto, si kwa mzee. Tangu Mary Leakey alipopata huko, mwaka 1948, fuvu la sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul (siku hizi Ekembo), kisiwa kimesifiwa kwa sokwe huyo. Kwa maoni yangu, sifa ya kwanza ni ya volkeno.

Volkeno hiyo ni Kisingiri, na kitovu chake hakiko kisiwani. Kiko Rangwa, upande wa bara. Rusinga ni kipande tu cha mteremko wake wa chini, na Mfangano ni kingine. Mlima ulimomonyoka, na Ziwa Victoria, ambalo halijatimiza hata miaka milioni moja, likaja baadaye sana kuzingira mabaki. Basi kukiita kisiwa cha volkeno ni sahihi kwa miamba yake, si kwa kuzaliwa kwake. Lililo muhimu zaidi ni kile Kisingiri ilichotapika. Majivu yake yalijaa kabonati ya kalsiamu, madini yaleyale ya chokaa; leo volkeno hai inayotapika lava ya kabonati ni moja tu duniani, Oldoinyo Lengai ya Tanzania, ingawa kabonati yake ni ya sodiamu zaidi. Maji ya mvua yalipopenya majivu hayo, madini yaliganda ndani ya mifupa, matunda, hata wadudu, kabla havijaoza.

Atakayesema kwamba moto wa volkeno huteketeza badala ya kuhifadhi ana hoja, ila kwa walio karibu na kasoko. Mbali na hapo majivu huanguka yakiwa yamepoa, au husombwa na mito kama tope. Isitoshe, Kisingiri ilikuwa na vipindi virefu vya utulivu: kati ya tabaka za majivu kuna udongo wa kale, na katika mojawapo yapo mabaki ya visiki vya msitu mnene alimoishi Ekembo. Mwingine atauliza mbona lava za Kakamega hazina mifupa. Zilipomwagika hapakuwa na mnyama yeyote duniani, nayo graniti iliganda chini kabisa ya ardhi. Hata mnyama aliyekufa Mukumu karne chache zilizopita ana bahati mbaya, kwa kuwa udongo mwekundu wa nchi ya mvua nyingi una asidi, na asidi huyeyusha mfupa.

Kisingiri haikuishia kwenye majivu. Lava zake za baadaye zilifunika kilele cha Lunene, katikati ya Rusinga, na ugumu wake ndio unaokinga tabaka laini zilizo chini. Pale kinga hiyo ilipokwisha, mvua huchimbua miteremko na kufichua mifupa mingine.