Kamina: reli iko tupu, kwa nini treni haitoki?

Kamina, makao makuu ya Haut-Lomami, ni njia panda ya reli za SNCC: upande mmoja Lubumbashi, mwingine Kananga hadi Ilebo, wa tatu Kabalo. Kila upande una reli moja tu. Treni zinapishana kituoni, ama zinagongana.

Tuchukue mfano. Moja inatoka Lubumbashi kwenda Ilebo, nyingine inatoka Ilebo kwenda Lubumbashi, zitapishana Kamina. Ya tatu iko gare, inangojea abiria wa Lubumbashi iwapeleke Kabalo.

Ile ya Ilebo ikichelewa, ya Lubumbashi peke yake itakwama. Lakini ya Lubumbashi ikichelewa, zingine zote mbili zitakwama. Ndiyo maana mama mwenye magunia yake anaona reli ya Kabalo tupu, na treni haisogei. Mkuu wa gare akiiachilia, abiria wa Lubumbashi watalala Kamina, na pengine si usiku mmoja.