Mbeba Mpira Hapimwi kwa Saa Peke Yake

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka kwa mzee mmoja wa Ilala. Kwanza nampa shikamoo yake. Mzee huyu ana mpwa wake aliyekwenda Marekani na mama yake angali mdogo, na sasa kijana yuko chuo kikuu huko, anacheza ule mpira wao wenye umbo la yai. Mama mtu amepiga simu kwa furaha: mtoto amekimbia zaidi ya yadi elfu moja katika msimu mmoja! Ukoo mzima umeanza kuhesabu fedha. Lakini mzee ni mtu mwangalifu. Anauliza: "Kama amekimbia kiasi hicho, mbona wajuzi wa huko wanasema thamani yake bado haijulikani?"

Swali zuri sana. Mpwa wa mzee simjui, na sitamsemea. Ninachoweza ni kueleza jinsi vijana wa namna yake wanavyopimwa, na kwa nini wapimaji hao, pamoja na saa zao na mashine zao, hukosea mara nyingi.

Mchezo wenyewe kwa kifupi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi. Ikifaulu, inapewa nafasi nne nyingine. Mbele ya wote hujipanga majitu matano, mengi yao yana uzito wa kilo 135 na zaidi. Hao ndio ukuta. Nyuma yao yuko mpangaji wa mchezo, na karibu naye yuko kijana ambaye wenyewe humwita raningi-beki. Mimi leo nitamwita mbeba mpira, maana ndiyo kazi yake. Anakabidhiwa mpira mkononi, ukuta unasukumana na adui ili kufungua mwanya, naye anatakiwa apenye mwanya ule kabla haujafungwa. Hufunguka kwa muda wa kupepesa jicho. Akichelewa, watu watatu wako juu yake.

Kila mwezi wa Aprili timu 32 za ligi ya kulipwa hukutana kugawana vijana waliotoka vyuoni. Shughuli hiyo huitwa drafti, lakini msifikirie ile ya vizibo vya soda tunayocheza barazani. Timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayoanza kuchagua, na zamu huzunguka raundi saba. Utaratibu huu ulianza mwaka 1936. Na tazameni maajabu: kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa mbeba mpira, na hakucheza ligi ya kulipwa hata siku moja. Hawakuafikiana juu ya mshahara. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza timu zimekuwa zikiumia vichwa na watu hawa.

Sasa twende kwenye shina la jambo. Yadi elfu moja ni za nani? Mama wa yule kijana anasema ni za mwanawe. Lakini yule bwana wa kilo 135 aliyesukuma adui akafungua mwanya, hazihesabiwi kwake hata moja. Kitabu cha hesabu kinaandika jina la aliyebeba mpira tu.

Chukueni mfano wa Saquon Barkley. Mwaka 2018 New York Giants walimchukua akiwa wa pili katika drafti nzima. Mwaka 2023, akiwa bado na timu hiyo, alikimbia yadi 962. Watu wakasema amekwisha. Timu haikumbakiza, akahamia Philadelphia, ambako ukuta ulikuwa miongoni mwa kuta bora za ligi. Mwaka 2024 akakimbia yadi 2,005, na mwezi Februari 2025 timu yake ikatwaa ubingwa. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile, na alikuwa amezeeka mwaka mmoja zaidi!

Ugeuze mfano huo uone upande wa pili. Trent Richardson alikuwa mbeba mpira wa Chuo Kikuu cha Alabama. Katika msimu wa 2011 alikimbia yadi 1,679, na chuo chake kikawa bingwa. Mwaka 2012 Cleveland walimchukua akiwa wa tatu. Lakini nani alikuwa mbele yake pale Alabama? Watu wawili wa ukuta ule ule, mwaka uliofuata, walichukuliwa na timu za kulipwa katika raundi ya kwanza wakifuatana, wa kumi na wa kumi na moja. Huko chuoni Richardson alikuwa akipita kwenye barabara ya lami. Alipofika kwenye ligi akakuta kichaka, na ilionekana wazi kwamba mianya midogo haioni upesi. Mwaka 2013 Cleveland wakamtoa kwa Indianapolis, na baada ya misimu mitatu tu hakucheza tena mechi ya ligi.

Katika drafti hiyo hiyo ya 2012, Washington walimchukua Alfred Morris katika raundi ya sita, kijana wa 173, kutoka chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawakifuatilii. Msimu wake wa kwanza akakimbia yadi 1,613. Kocha wake alikuwa Mike Shanahan, ambaye mwaka 1995 alipokuwa Denver alimchukua Terrell Davis akiwa wa 196. Davis akaja kukimbia yadi 2,008 katika msimu wa 1998. Je, Shanahan alikuwa na uganga? Hapana. Alikuwa na mtindo mmoja: ukuta wote unasogea upande mmoja kwa pamoja, mbeba mpira anasubiri, anachagua mwanya, anakata kona mara moja na kwenda. Hakuhitaji kijana mwenye mbio kuliko wote, bali yule anayejua kusubiri. Mwenye kujua anachokitafuta hununua rahisi sokoni.

Mnaniuliza, basi mbio hazina maana? Zina maana, ila si kama watu wanavyodhani. Tangu mwaka 1987 vijana huitwa Indianapolis kabla ya drafti kupimwa. Wanaruka, wananyanyua chuma, na kubwa kuliko yote wanakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu. Mwaka 2008 Chris Johnson alikimbia kwa sekunde 4.24, akachukuliwa katika raundi ya kwanza, na mwaka uliofuata akakimbia yadi 2,006 katika ligi. Hapo saa ilisema kweli.

Lakini mwaka 1990 kulikuwa na kijana wa Chuo Kikuu cha Florida ambaye wapimaji walisema ni mfupi na hana mbio. Timu 15 zikampita. Mojawapo, New York Jets, ilimchukua mbeba mpira mwingine, Blair Thomas, akiwa wa pili. Huyo wa Florida akaangukia Dallas akiwa wa 17. Jina lake Emmitt Smith. Alipostaafu alikuwa na yadi 18,355, na mpaka leo hakuna aliyemfikia. Thomas katika maisha yake yote ya ligi hakufikisha yadi 3,000.

Walikosea wapi? Walipima yadi 40 za kukimbia peke yako, kwenye njia iliyonyooka, hakuna mtu mbele. Ni mara ngapi katika mechi mbeba mpira anapata yadi 40 tupu? Mara nyingi anapata nne. Katika hizo nne kinachotakiwa ni jicho, subira, miguu inayobadili njia bila kupunguza mwendo, na mwili unaoanguka mbele badala ya kurudi nyuma. Smith alikuwa na vyote hivyo, na saa haikuwa na mahali pa kuviandika.

Kwa hiyo wasaka vipaji wenye akili siku hizi huangalia filamu za mechi na kutenga hesabu. Mbeba mpira alipata yadi ngapi kabla ya kuguswa na adui? Hizo mpe ukuta. Alipata ngapi baada ya kuguswa? Hizo ni zake mwenyewe. Aliwakwepa wangapi? Halafu wanaangalia mambo ambayo mama mtu haoni kwenye televisheni: je, anaudaka mpira wa kurushiwa? Je, adui akivamia kumwangusha mpangaji wa mchezo, kijana anaona mvamizi anatokea wapi na kumkinga? Hili la mwisho ni kubwa. Mpangaji wa mchezo ndiye mchezaji ghali kuliko wote, na kocha hamwingizi uwanjani kijana atakayesababisha bwana huyo avunjwe mbavu, hata kama kijana mwenyewe anakimbia kama swala. Vyuo vingi havimfundishi vya kutosha kazi hiyo.

Nimebakiza jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni mwili. Mbeba mpira huangushwa karibu kila anapoguswa mpira. Ron Dayne wa Wisconsin alibeba mpira zaidi ya mara 1,000 akiwa chuoni, akapata tuzo ya Heisman mwaka 1999, mwaka uliofuata akachukuliwa wa 11, na katika ligi hakuwahi kuwa yule wa chuoni. Mwafrika mwenzetu Christian Okoye wa Nigeria alikwenda California kurusha kisahani, akafundishwa mchezo huu ukubwani, na mwaka 1989 akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,480. Jitu la zaidi ya kilo 110! Misimu sita tu, basi.

Na goti ndiyo hakimu mkuu. Mwaka 1995 Ki-Jana Carter alichaguliwa wa kwanza kabisa. Katika mechi ya matayarisho, kabla ligi haijaanza, alipobeba mpira kwa mara ya tatu tu, goti likachanika. Marcus Lattimore aliumia vibaya goti mwaka 2012 akiwa bado mwanafunzi. Timu moja ilimchukua mwaka 2013 kwa matumaini, na hakucheza hata mechi moja. Lakini Frank Gore, aliyepasuliwa magoti yote mawili akiwa chuoni, alichukuliwa wa 65 mwaka 2005, akaishia na yadi 16,000, ambazo ni watu wawili tu waliompita. Daktari gani angeyajua hayo?

Timu zimejifunza kuogopa. Mwaka 2013 na 2014 hakuna mbeba mpira hata mmoja aliyechukuliwa katika raundi ya kwanza. Baadaye zilirudi kidogo kidogo: mwaka 2023 wawili walikuwa ndani ya kumi na mbili wa kwanza, na mwaka 2025 Ashton Jeanty alichukuliwa wa sita baada ya kubeba mpira mara 374 katika msimu mmoja wa chuo. Kwa hesabu ya timu, mkataba wa kwanza ni wa miaka minne, kijana anautumikia akiwa na miguu mipya, na akifika miaka 26 au 27, umri ambao ndugu yake mpangaji wa mchezo anaanza kunenepa mshahara, yeye anaambiwa ametumika sana. Mimi naliona jambo hili kuwa dhuluma, ingawa ni halali kwa karatasi.

Sheria yao haimruhusu kijana kuingia drafti mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Maurice Clarett wa Ohio State aliipinga mahakamani, akashinda mwanzoni mwa 2004, kisha mahakama ya rufaa ikamwangusha. Katika miaka hiyo mitatu vyuo vilijaza viwanja huku mbeba mpira akipata ada, chakula na malazi. Mwaka 2021 ndipo waliporuhusiwa kuuza jina na sura zao, na mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja.

Basi mzee wangu wa Ilala, ukipiga simu usimwulize dada yako mtoto amekimbia yadi ngapi. Mwulize ukuta wake ni wa namna gani. Mwulize amebeba mpira mara ngapi tangu alipoanza, kama anaudaka, na kama kocha humwacha uwanjani wakati wa kumkinga mpangaji. Mwulize chuo kinamlipa nini, na ni nani atakayelipia tiba akivunjika kabla ya Aprili ya kuchaguliwa kwake. Na kuhusu zile fedha ambazo ukoo umekwisha zihesabu, nakuomba uwaambie waziache kwanza.