Upungufu wa damu kwa mfanyakazi asiyekula nyama



Miaka miwili iliyopita watu wa kukusanya damu walifika kwenye kiwanda kimoja cha hapa Kampala, siku ambayo nilikuwa na mkutano na wanachama wetu hapo. Tulijipanga mstari watu kumi na mmoja ili tujitolee. Wanne tulirudishwa, wanawake watatu na kijana mmoja wa kupakia magunia. Tuliambiwa kwamba damu yetu haitutoshi sisi wenyewe, sembuse ya kumpa mgonjwa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wanawake. Kwa miezi mingi nilikuwa nikipanda ngazi za ofisi ya chama nikihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, nami nikasingizia umri.

Muuguzi akatuuliza chakula chetu. Tukajibu: posho na maharage. Na nyama je? Sisi wanawake tukasema Krismasi, na siku ya Idi jirani akitukumbuka. Yule kijana ni Msabato, hali nyama kabisa. Muuguzi hakushtuka. Akauliza mnakunywa nini, tukasema chai. Wakati gani? Papo hapo, pamoja na chakula. Hapo ndipo alipotikisa kichwa akasema: "Basi mnakula chuma, kisha mnakifungia mlango."

Neno hilo halikunitoka. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kuuliza siogopi, na tangu siku hiyo nimeuliza wauguzi na madaktari wengi. Niliyoyapata nawaandikia hapa, kwa sababu wengi wetu viwandani na mashambani hatuli nyama. Wengine ni kwa dini, na wengi zaidi ni kwa sababu ya bei.

Kwanza tufahamu kazi ya chuma mwilini. Ndani ya damu mna kitu kiitwacho himoglobini, ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye misuli, ubongo na viungo vyote. Himoglobini haiwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Chuma kikipungua, misuli hufanya kazi kama jiko la makaa lililozibwa tundu la hewa. Mtu huchoka mapema, moyo humdunda akipanda mlima, kichwa kinamzunguka akisimama, ndani ya kope na viganja hupauka. Wengine hushikwa na hamu ya kula udongo. Wanawake wajawazito mnaojificha mkitafuna ule udongo wa sokoni, hiyo mara nyingi ni dalili, na tena udongo wenyewe huzuia chuma kuingia mwilini.

Kipimo ni kidogo, tone la damu kutoka kidoleni. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamume ana upungufu akiwa chini ya gramu 13 za himoglobini kwa desilita ya damu, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, na mjamzito chini ya 11, isipokuwa katika miezi mitatu ya kati ya mimba, ambapo ni chini ya 10.5. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Uganda mwaka 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 32 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, na kwa wanaume 16 katika kila 100. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulikuwa zaidi ya nusu. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi, na akishika mimba huigawa na mtoto, kwa hiyo asishangae mumewe akila sahani ile ile na kubaki na nguvu.

Sasa turudi kwenye sahani yetu. Wako wanaosema kwamba posho na maharage ni chakula cha maskini kisicho na kitu. Hiyo si kweli. Maharage yana chuma kingi, na vivyo hivyo choroko, dengu, njegere, simsim na karanga. Tatizo ni kwamba chuma cha mimea ni kigumu kuingia mwilini. Katika chuma cha nyama mwili huweza kuchukua sehemu 15 hata 35 kwa mia. Katika chuma cha mimea huchukua kama 2 hata 20 kwa mia. Tofauti hiyo kati ya 2 na 20 ni kubwa, ndugu zangu, na sehemu yake kubwa hutegemea vitu vinavyoliwa na kunywewa pamoja na maharage hayo.

Chai ndiyo inayoharibu zaidi. Ule ukali unaokausha ulimi hukamata chuma tumboni na kutoka nacho nje. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1983, chai iliyonywewa pamoja na mlo ilipunguza chuma kilichoingia mwilini kwa asilimia 64, na kahawa kwa asilimia 39. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikudhuru kitu. Iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilidhuru sawa na ile ya mezani. Kwa hiyo mimi nashauri chai ya saa nne asubuhi, na nyingine ya saa kumi, lakini saa saba mchana tunywe maji. Simwambii mchuma chai wa Mityana au Kyenjojo aache chai, maana ataniuliza mshahara wake utatoka wapi. Namwambia aibadilishe saa.

Kinachofungua mlango ni vitamini C, yaani vitu vichachu na matunda. Limao likikamuliwa juu ya maharage, au chungwa, papai, embe, nanasi likiliwa katika mlo huo huo, chuma kinachoingia kinaweza kuwa mara mbili au zaidi. Pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule, na mapera huku kwetu watoto huyaokota bure. Lakini moto huua vitamini hiyo, basi limao likamuliwe sufuria ikishatelemshwa, na nyanya nyingine ikatwe mbichi juu ya sahani. Magadi nayo huiharibu. Najua yanalainisha maharage na kuokoa makaa. Heri kuyaloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale, yataiva upesi, na kuloweka hupunguza ile asidi ya kwenye mbegu inayofunga chuma. Kuchachusha na kuotesha nafaka hufanya kazi hiyo hiyo. Wenzetu wa magharibi wanaokunywa bushera ya mtama au ulezi wana akili kuliko wanavyojua.

Kuhusu dodo na nakati, kuleni, ni mboga njema, ila msitegemee majani peke yake. Chuma chake ni kigumu kuliko cha maharage. Na ile habari ya bitiruti kwamba inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu, hiyo ni rangi tu. Chuma chake ni kidogo. Nimewaona wanachama wakitumia fedha za chakula cha siku mbili kununua maji ya bitiruti ya chupa, nikasikitika. Kwa yule asiyekula nyama kwa ajili ya bei tu, konzi ya mukene iliyosagwa ndani ya maharage ni msaada mkubwa. Msabato au Mhindu asiyekula samaki aruke mstari huu, limao linamtosha.

Halafu kuna unga. Kanuni za mwaka 2011 zilivitaka vinu vikubwa vya unga wa mahindi na wa ngano nchini kuongeza chuma na vitamini katika unga. Vinu vidogo, kama vile vingi vya Kisenyi, havikuwekwa katika sharti hilo. Angalieni gunia linaloingia kantini kama lina alama ya herufi F.

Lakini chakula chote hiki ni kazi bure ikiwa damu inavuja. Nasema juu ya safura, hasa kwa ndugu wa mashamba ya miwa na chai. Minyoo hii huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, kutoka udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha hukaa utumboni ikinyonya. Mnyoo mmoja wa aina iliyo ndogo ya kunyonya huchukua kama mililita 0.03 kwa siku. Mwenye minyoo mia hupoteza mililita 3 kila siku, na ndani yake kuna chuma kinachozidi kile ambacho mwanamume mzima huhitaji kukipata kwa siku. Dawa ni rahisi, albendazole miligramu 400 mara moja, ila ukirudi shambani peku utaiokota tena. Kwa hiyo buti na choo ni habari ya damu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumkata fedha.

Malaria pia huharibu damu, na wako wenye seli mundu ambao upungufu wao hautokani na chuma hata kidogo. Kwa sababu hiyo mtu asinunue vidonge vya chuma dukani kabla ya kupimwa. Ukipewa vidonge, usivimeze na chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Endelea kuvimeze kwa muda ulioambiwa hata ukijisikia vizuri, maana mwili unahitaji miezi kadhaa kujaza akiba. Vifiche mbali na watoto. Vidonge vichache vinaweza kumwua mtoto mdogo.

Mwajiri akisema haya si mambo ya chama, mkumbusheni wagema mpira wa Indonesia. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979, wenye upungufu wa damu walipewa miligramu 100 za chuma kila siku kwa siku 60, na utomvu wanaoleta ukakaribia ule wa wenzao wenye damu ya kutosha. Mwaka huo huo ulichapishwa mwingine wa wachuma chai wa Sri Lanka, nao walipopata chuma walichuma zaidi. Sisi tunaolipwa kwa kilo tunajua maana yake mwisho wa mwezi.

Katika kile kiwanda cha kwanza tulipeleka mambo matatu kwa meneja: birika la chai lihamishwe kutoka saa saba hadi saa kumi, kila meza iwe na malimao, na dawa ya minyoo itolewe mara mbili kwa mwaka. Chai ilihamishwa wiki ile ile, kwa sababu haikumgharimu kitu. Malimao tulibishana miezi miwili, akakubali. Dawa ya minyoo bado iko katika orodha ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja, namba 7. Mimi nilimeza vidonge nilivyopewa na kliniki, nikaacha chai ya mezani, na baada ya miezi mitano nilipimwa nikakutwa na 12.6. Yule kijana wa magunia alikutwa na safura. Alitibiwa, na sasa wenzake wa idara ya kupakia wanataka kupimwa wote. Wawakilishi wa matawi mengine wanaotaka nakala ya barua tuliyomwandikia meneja waje ofisini siku ya Jumatano, baada ya saa nane.